Draya ya dagaa ya mama, Igombe: shajara ya mradi, Machi hadi Mei 2024

Jumapili 3 Machi

Leo nimeenda Igombe, kandokando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, kumsalimia mama nikamkuta kakalia ndoo iliyopinduliwa anafukia dagaa. Yani kachimba shimo nyuma ya choo anafukia sado mbili nzima. Alinunua ijumaa asubuhi pale mwaloni wanapofikia mitumbwi akaanika, mvua ikaja akaanua, jumamosi akaanika tena, mawingu mchana kutwa, usiku mvua nyingine ikatoka ziwani na radi zake akaingiza ndani kwenye beseni, na leo asubuhi funza wameshaanza kutembea. Mama hauzi dagaa, hawa ni wa kula nyumbani na wa mdogo wangu anayesoma Dodoma, kila akipata mtu anayepanda basi anampa kifurushi. Hasara yenyewe sio ya kuua mtu ila iliniuma kumuona anasawazisha lile shimo kwa mguu kama kazika kitu.

Kwa asiyejua mambo ya huku: dagaa wa ziwani wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola, dagaa wanafuata mwanga wanakusanyika ndo wanazungushiwa wavu. Sasa mbalamwezi ikiwa kali taa haina maana, ziwa zima lina mwanga, wavuvi wanapaki mitumbwi wanashona nyavu. Kwa iyo mwezi wetu umegawanyika, kuna giza na kuna mwezi. Kwenye giza dagaa wanakuwa wengi bei inashuka ndo watu wanakausha wa akiba, na giza likiangukia ndani ya masika kama hivi ni kilio. Afu ziwa lenyewe limepanda sana, pale mama alipokuwa anaanika mwaka juzi saa hizi kuna maji, kipande cha mchanga kilichobaki wanagombania watu kumi. Na dagaa wa mchanga unawajua, unatafuna unasikia krrr kwenye meno, wengi wanaishia kwenye chakula cha kuku.

Nikamwambia mama nakutengenezea draya, mashine ya kukaushia. Akaniangalia akasema "mwanangu, ile ya kukamua miwa iliishia wapi?" Sikujibu.

Jumanne 5 Machi

Nimepiga hesabu nikiwa kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu pale Buzuruga, wateja hakuna mvua inanyesha. Dagaa mbichi robo tatu yake ni maji. Ukichukua kilo 8 wabichi ukawakausha vizuri unabaki na kilo 2 na kidogo, yani karibu kilo 6 za maji zinatakiwa ziondoke. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunakula nishati kama megajuli 2.4, zidisha mara 6 ni 14.4, na yuniti moja ya umeme wa LUKU ni megajuli 3.6, kwa iyo ni yuniti 4 kamili kwa ndoo isiyojaa hata nusu, na hapo hujahesabu joto linalopotea bure. Ndo maana wazo la kuweka hita ya umeme nililifuta dakika ileile, mama atanifukia na mimi nyuma ya choo. Ni jua tu. Mita moja ya mraba ya jua la mchana Mwanza kukiwa hakuna wingu inapokea karibu wati elfu moja, ukipata theluthi tu ya hizo kwenye eneo la mita tatu inatosha kabisa.

Mpango ni sanduku bapa kama kitanda, mita 2.4 kwa 1.2, chini bati limepakwa rangi nyeusi, juu nailoni, dagaa katikati kwenye wavu. Rahisi.

Ijumaa 8 Machi

Manunuzi. Mbao za mbili kwa mbili, misumari, kopo la rangi nyeusi ile isiyong'aa (inayong'aa inarudisha mwanga, usidanganyike na bei), bati moja la geji 30 lenye mkunjo nikapata punguzo. Nailoni nilitaka ile ya kawaida ya kufunikia magodoro, yule muuza nailoni mwenyewe akaniambia ukweli kwamba jua litaila miezi michache inapasuka kama biskuti, nichukue ya banda la nyanya ambayo ina dawa ya kuzuia jua. Bei mara tatu. Nikachukua kwa kununa.

Wavu wa kutandikia dagaa ulileta mjadala. Mama alikuwa na vyandarua viwili vimechakaa akasema tumia hivi. Nikakataa maana vile vya kugawiwa vina dawa ya kuua mbu, huwezi kulaza chakula juu yake. Wavu wa waya wa madirishani nao ukikutana na maji ya samaki unapata kutu wiki mbili tu. Jibu lilikuwa linaning'inia pale mwaloni siku zote, nyavu za dagaa zilizochanika! Mzee mmoja mwenye mtumbwi kanipa kipande kikubwa bure, nailoni safi, tundu dogo, haina kutu, na imeshazoea dagaa maisha yake yote.

Kubeba hivi vitu kwenye daladala ya Igombe ni hadithi nyingine. Konda alitaka nilipie bati kama abiria.

Jumapili 10 Machi. Jaribio la kwanza

Giza totoro, dagaa wa kumwaga, mama kanunua ndoo. Nikapima kilo 5 kwa mzani wa keki wa mama watoto (nimeazima bila taarifa, naandika hapa kama kumbukumbu). Nikatandaza kwenye sanduku saa 3 asubuhi, nikafunga, nikaingiza thamometa ya dijitali yenye waya mrefu ile ya kwenye mafriji.

Kuhusu thamometa, jana usiku niliipima. Kwenye maji ya barafu ikasoma 0.3 nikafurahi. Kwenye maji yanayochemka ikasoma 96. Nikachemsha tena, 96. Nilikuwa naenda kugombana na aliyeniuzia ndo nikakumbuka Mwanza tuko juu, mita 1,100 na ushee toka usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hiyo 100 ya vitabuni ni ya watu wa Tanga. Kumbe kifaa kizima.

Saa 4 nyuzi 41. Saa 5 nyuzi 54. Saa 6 kasoro nyuzi 63, nikaanza kujipiga picha. Mama anapita anasema mbona kioo chako kinatoka jasho. Ni kweli nailoni yote kwa ndani imejaa matone na mengine yanadondokea dagaa. Nikamwambia hiyo ni kawaida mama, ndo maji yanatoka hayo. Akasema "yanatoka yanaenda wapi?" Nikaona ni swali la mtu asiyejua fizikia.

Saa 10 nikafungua. Harufu ya supu. Sitanii, dagaa wameiva. Juu wamekakamaa wanang'aa, ukimvunja katikati ni laini kama wa mchuzi, na ukimshika kichwa kinabaki mkononi. Nilitengeneza oveni. Samaki mbichi akipigwa joto kali akiwa bado na maji anapikika kabla hajakauka, afu ngozi ya nje inakaza inafungia maji ndani. Kilo 5 zikarudi kilo 3 na gramu 100, yani kazi imefanyika kama nusu tu.

Tulikula jioni hiyohiyo na ugali, walikuwa watamu kiukweli. Mama kacheka mpaka kakohoa.

Jumamosi 16 Machi

Wiki nzima nawaza tu. Nikakata matundu pembeni mwa sanduku chini na juu nikaweka wavu wa kuzuia nzi. Joto likashuka mpaka 48. Jasho bado lipo ila kidogo. Dagaa kilo 3 walikauka nusunusu, wa pembeni karibu na matundu wakakauka safi kabisa, wa katikati wabichi. Hiyo ilitakiwa iniambie kitu, lakini mimi nikaandika tu "ongeza rangi nyeusi", ona ujinga.

Jumapili 17 Machi

Leo wingu zito toka asubuhi ila upepo wa ziwani unavuma kweli, kanga za mama kwenye kamba zinapiga kelele. Nikiwa sina la kufanya mama akachukua dagaa kidogo akatandika kwenye kichanja cha miti chini ya mwembe, KIVULINI. Nikamuuliza mama huko kuna jua gani? Akajibu bila hata kugeuka, "dagaa anakaushwa na upepo, jua linamsaidia tu."

Basi nikasema tupime. Sahani mbili, kila moja gramu 200 za dagaa wa ndoo moja. Sahani A ndani ya sanduku langu la kitaalam lenye rangi nyeusi na nailoni ya bei mbaya. Sahani B juu ya kichanja kivulini. Napima kila saa.

Saa 4: A 200, B 200.
Saa 5: A 183, B 170.
Saa 6: A 164, B 143.
Saa 7: A 146, B 119.

Nilikaa chini. Yani mti wa mwembe umeshinda mradi wa laki moja na themanini. Na ndani ya sanduku kulikuwa na joto zaidi, nyuzi 36 wakati nje 25! Ila hewa imesimama. Mvuke unaotoka kwenye dagaa unajaa pale juu yao kama watu wamejazana mlangoni, hewa ikishashiba maji haipokei tena. Joto kazi yake ni kuifanya hewa iwe na uwezo wa kubeba maji mengi, lakini lazima hiyo hewa itoke iende zake na nyingine ije. Ndo lile swali la mama, yanatoka yanaenda wapi. Alikuwa anajua fizikia kunishinda.

Kwa iyo naanza upya. Natakiwa kutengeneza upepo wenye joto kidogo, mambo ya joto lililofungiwa basi.

Jumamosi 23 Machi

Mwezi umekaribia kujaa, hakuna dagaa mpaka baada ya Pasaka, muda mzuri wa kujenga. Muundo mpya una vipande viwili. Cha kwanza ni kile kitanda cha zamani lakini hakilazwi dagaa tena, kazi yake ni kupasha hewa tu: hewa inaingia upande wa chini, inapita juu ya bati jeusi chini ya nailoni, inatokea upande wa juu ikiwa ya moto. Cha pili ni kabati la mbao lenye trei nne, hewa inaingia chini ya trei ya kwanza inapanda inatokea juu kwenye bomba la bati la mita moja na nusu nililolipaka jeusi. Bomba likipigwa jua hewa ya ndani inapanda yenyewe inavuta ya chini, kama dohani ya jiko.

Kitu kimoja nimejifunza kwenye hizi video za wazungu, wao kitanda chao wanakiinamisha sana karibu kisimame maana jua lao liko pembeni. Sisi hapa tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, jua la mwezi wa tatu linakupiga utosini hata kivuli chako unakikanyaga. Ukiinamisha kama wao unapoteza jua. Nimekiinua kiasi tu cha maji ya mvua kuteremka na hewa ya moto kujua wapi ni juu.

Chini ya bati nimejaza pumba za mpunga ndani ya viroba, bure kabisa toka mashineni, zinazuia joto kuvuja chini.

Jumapili 31 Machi, Pasaka

Hakuna kazi. Nimekula pilau. Ila nimeenda kuliangalia kabati mara mbili.

Jumamosi 6 Aprili

Giza limerudi. Kilo 8, kilo 2 kila trei. Jua zuri asubuhi, ndani ya kabati chini nyuzi 47, juu 38, hewa inatoka kwenye bomba unaisikia kwa mkono ina unyevu kama pumzi ya mtu. Hiyo pumzi ilinifurahisha kuliko ile nyuzi 63.

Saa 7 mchana upepo wa ziwani ukaanza kama kawaida yake, ukaingia kwenye bomba toka juu ukaanza kusukuma hewa irudi chini. Nikaweka kofia ya bati, ikasaidia. Saa 9 wingu, na wingu likija bomba linapoa, hewa inasimama kabisa. Trei ya chini imekauka, ya juu kama wametoka kuvuliwa. Tukahamisha trei kienyeji, ya juu ishuke ya chini ipande. Usiku nikasahau kufunga matundu, asubuhi wale waliokuwa wakavu wamelegea tena, hewa ya usiku kandokando ya ziwa ina maji mengi sana, dagaa mkavu anainywa kama sponji.

Mama hakusema kitu. Kafunga kabati akaenda ibadani.

Jumatano 10 Aprili, sikukuu ya Idi

Kibanda nimefunga. Nikaona dawa ni feni, za kompyuta zile za volti 12, ninazo kwenye boksi la vyuma chakavu toka enzi natengeneza kompyuta. Na paneli ndogo ya wati 10 ipo. Uzuri wa kuunganisha feni na paneli moja kwa moja bila betri ni kwamba jua likitoka feni inazunguka, jua likizidi inazidi, jua likizama inalala. Hakuna swichi ya mama kukumbuka.

Nikafunga feni moja juu kwenye bomba ivute. Ikazunguka kwa nguvu ile mbaya, mpaka mtoto wa jirani kaja na karatasi kuitega.

Jumamosi 13 Aprili

Feni imeungua. Na mimi fundi simu mzima mwenye multimita shingoni sikupima. Paneli inaitwa ya volti 12 lakini hiyo ni jina tu, ikiwa haina mzigo mkubwa inatoa volti 20 na zaidi, na feni inayokula wati 2 kwake sio mzigo. Feni ya 12 imepigwa 20 siku tatu. Afu nilipoifungua nikakuta na mapanga yake yamejaa mafuta na unyevu wa dagaa, kwa iyo hata isingeungua kwa umeme ingekufa kwa shombo.

Marekebisho mawili. Kwanza, feni zimehama toka bombani zimekuja kwenye mlango wa kuingilia hewa kule chini kabisa, zinasukuma hewa safi ya baridi badala ya kuvuta hewa chafu ya moto. Pili, sikununua stepdauni, kile kifaa cha kushusha volti, nimechukua feni mbili pacha nikaziunga kwa seriesi, waya mwekundu wa ya pili umeshikana na mweusi wa ya kwanza, volti 20 inagawanyika kila moja inapata 10 hivi. Lazima ziwe pacha kweli, nilijaribu zisizofanana moja ikala volti zote nyingine ikakaa kuangalia.

Jumapili 14 Aprili

Kilo 8. Jua la kuibia, linatoka linaingia, na saa 8 mvua ya dakika arobaini. Nimekaa pale na daftari siku nzima kama mtu anayelinda mgonjwa.

Chini 44, juu 37. Nailoni haina jasho hata tone. Mvua ilivyonyesha feni zilipunguza mpaka karibu kusimama ila hazikusimama, hata wingu lina mwanga wake. Nzi wamejazana nje ya wavu wanatembea tu. Kila saa mbili tunazungusha trei, mama kalizoea mpaka ananikumbusha yeye. Saa 12 jioni nikafunga matundu yote ya juu na chini kwa viroba. Jumatatu nikabaki hukohuko, kibanda nikamuachia dogo.

Jumatatu saa 5 asubuhi mama kachukua dagaa mmoja akamkunja. Pa. Kavunjika kwa mlio. Akachukua wa trei nyingine, pa. Akamuweka mdomoni akatafuna taratibu macho yako ziwani, mimi nasubiri kama mwanafunzi, akasema "hawa hawana mchanga." Basi. Akaingia ndani akatoka na kiroba.

Mzani: kilo 2 na gramu 300. Wanameta rangi ya fedha, sio wale wa kahawia. Jirani aliyeanika kwenye mchanga siku ileile bado anageuza wake.

Jumapili 21 Aprili

Mwezi mkubwa tena, wavuvi wamelala. Nimekuja nikidhani draya imepumzika nikaikuta inafanya kazi, trei mbili za michembe na trei mbili za matobolwa. Mama kavuna viazi vitamu vyake kakata vibichi huku ndo michembe, vya kuchemsha kule ndo matobolwa, kapanga kwa mistari. Anasema michembe imekauka siku moja na nusu na haijapata weusi. Sikuwa nimefikiria viazi kabisa, mi kichwani nilikuwa na dagaa tu. Anataka majani ya kunde yafuate, atengeneze nsansa.

Jumapili 5 Mei

Watu wawili wa mwaloni wamekuja kuangalia. Mmoja kauliza inachukua ndoo ngapi nikamwambia kilo 8, labda 10 ukibana, akacheka akasema yeye anaanika ndoo 40. Ni kweli, hii ni ya nyumbani. Kwa wingi ule kuna mambo mengine, wenzetu Bangladesh kwenye mwaka 1977 waliandika habari za hema la nailoni la kukaushia samaki, ndani joto linapita 45 na funza wanakufa, hilo linaweza kuongezeka ukubwa kuliko kabati langu. Nimemchorea kwenye mchanga. Sijui kama atalijenga, alipiga picha ule mchoro kabla mbuzi hajapita juu yake.

Yule wa pili aliuliza kama natengeneza simu pia. Nimepata mteja wa kioo.

Jumapili 12 Mei

Intaneti imekata toka asubuhi, wanasema ni nyaya za chini ya bahari. Kila mtu anadhani simu yake ndo mbovu, ningekuwa kibandani leo ningepata hela za bure ila dhambi. Niko Igombe nabadilisha bawaba za mlango, zile za bati zimeoza kwa maji ya dagaa, nimekata za tairi la baiskeli. Mpira haupati kutu na unajifunga wenyewe.

Nimeona pia nailoni upande wa chini imetobolewa na kunguru, anadhani ni dirisha la dagaa. Nimebandika gluu na kiraka. Nimefunga na CD mbili za zamani juu kwa uzi zinamulika zikizunguka, kunguru kakaa mbali siku ya kwanza, siku ya pili kaja kujiangalia.

Jumamosi 18 Mei

Giza linaisha, mama kakausha ndoo yake ya mwisho peke yake bila mimi. Kanipigia simu saa 2 usiku sio kuniambia hivyo, kaniuliza kwa nini feni moja inachelewa kuamka asubuhi kuliko mwenzake. Nikamwambia ndo seriesi, zinagombania. Akasema basi ile mvivu nimeigonga kwa mwiko imeamka. Nimetafuta stepdauni, buku nane, nitaifunga wiki ijayo kabla hajaanza kutumia mchi.

Jumamosi 25 Mei

Stepdauni imefungwa, nimeitega kwenye volti 11.8, feni sasa ziko sambamba zinaamka pamoja.

Mdogo wangu kapiga toka Dodoma, kifurushi kimefika, dagaa wazuri sana anasema wenzake wa chumbani wamewala wakavu hivyohivyo bila kupika, ila anauliza mama siku hizi matobolwa anayachemsha na nini maana yana ladha ya shombo. Mama kanitazama. Wavu ni uleule, tumeuosha kwa sabuni na majivu na limao lakini mbao zimeshanywa.

Kwa iyo zinatakiwa trei nne nyingine za viazi tu, nitazipaka alama nyekundu. Mbao za mbili kwa mbili zimepanda buku toka mwezi wa tatu. Nimeshakata fremu mbili, msumeno umekuwa butu, nyingine kesho.